Msikilizaji Asiye na Hisa

Mtu mzima wa Ihumwa akipatwa na jambo zito, hakosi wa kumshauri. Atashauriwa na kaka yake, na mama mkwe, na mchungaji au shehe, na mwenyekiti wa mtaa, na wenzake wa kikoba, na hata kijana wa bodaboda aliyempakia mara moja tu akamsikia akivuta kamasi nyuma yake. Ushauri haujawahi kuadimika. Kinachoadimika ni mtu wa kumsikiliza mpaka mwisho, asiyepata wala kupoteza chochote kwa atakachoamua.

Waangalie washauri hao mmoja mmoja. Kaka anayekuambia usiuze kiwanja cha urithi ana fungu lake humo. Mama anayekusihi uvumilie ndoa ana mahari iliyokwisha kuliwa na jina la ukoo la kulilinda. Kiongozi wa dini ana mafundisho ambayo hawezi kuyaweka kando kwa ajili yako. Rafiki aliyekudhamini kwenye mkopo ana saini yake. Wote wanakupenda, na upendo wao si wa kuigiza. Ila kila mmoja ana hisa katika uamuzi wako, na hisa hiyo humfanya asikie upesi pale panapomgusa, pengine pote pampite. Ndiyo maana mtu anaweza kulizungumza jambo lake kwa watu kumi na bado akalala nalo peke yake.

Mnasihi ni yule wa kumi na moja, asiye na hisa. Namzungumzia hasa mnasihi aliyefundishwa kumweka mwenye shida katikati, amwachie mwenyewe usukani wa mazungumzo. Ukimtazama kwa utulivu anachokifanya, utaona kwamba upole pekee hautoshi na kipaji cha kuzaliwa hakitoshi. Huu ni ufundi wenye kanuni zake, vipimo vyake na makosa yake, na unastahili kusifiwa kama tunavyowasifu mafundi wengine.

Ihumwa ni mahali pazuri pa kuuelewa. Ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa mashariki, kandokando ya barabara kuu iendayo Morogoro, jirani na Mtumba. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 upande huu ulibaki mashamba ya uwele na mtama, mibuyu, ng'ombe na upepo. Kasi ilikuja baada ya Julai 2016, serikali ilipotangaza kwamba sasa inahama kweli, na Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba. Reli ya kisasa ikafuata. Treni za abiria kutoka Dar es Salaam zilianza kufika Dodoma Julai 2024. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Dodoma na watu 410,956. Ile ya 2022 ililikuta jiji na watu 765,179.

Nyuma ya takwimu hizo wamo watu unaoweza kukutana nao kituoni. Yupo Mgogo mzawa ambaye shamba la baba yake limepimwa likawa viwanja, na sasa ndugu waliokuwa wakipeana mbegu hawapeani hata salamu. Yupo mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, amepanga chumba na sebule Ihumwa, mke na watoto wamebaki Tabata kwa sababu ya shule na biashara. Yupo mama lishe aliyewafuata mafundi ujenzi, akakopa kwa wale wakopeshaji ambao mtaani wanaitwa kausha damu. Mzawa ana jamaa tele, ila jamaa hao ndio upande wa pili wa kesi. Mgeni hana jamaa, ana simu tu. Wote wawili hawana wa kumwambia.

Unasihi wa namna hii ulizaliwa kutokana na kushindwa. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezaliwa 1902 na kuanza chuo kwa kusomea kilimo, alifanya kazi miaka 12 katika mji wa Rochester, jimbo la New York, akishughulika na watoto wenye matatizo. Huko alikutana na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa ameshindikana. Kwa elimu yake Rogers alikwisha kuamua kwamba chanzo ni mama huyo kumkataa mtoto tangu mapema, na kikao baada ya kikao alijaribu kumwelekeza alione hilo. Haikuwezekana. Mwishowe akamwambia kwamba wamejitahidi wote wawili na wameshindwa, afadhali waishie hapo. Mama akakubali, akaenda mlangoni. Kisha akageuka, akauliza kama hapo wanapokea pia watu wazima kwa ushauri. Alipoambiwa ndiyo, akarudi kitini na kuanza kueleza ndoa yake ilivyomkatisha tamaa, maneno tofauti kabisa na yale makavu aliyokuwa akiyatoa mwanzoni. Kwa tukio hilo, aliandika Rogers baadaye, alianza kuona kwamba mwenye jambo ndiye ajuaye panapouma na upande wa kuelekea.

Mwaka 1942 alitoa kitabu chenye kesi nzima ya mtu mmoja, neno kwa neno, kama ilivyorekodiwa kwenye santuri. Santuri hizo zina uzito kwa anayetaka kuuelewa ufundi huu. Mshauri anayesimulia kikao kwa kumbukumbu hujipendelea bila kujua. Santuri haikumpendelea mtu: ilionyesha wapi mshauri alimkatiza mwenzake, wapi aliongea kuliko mwenye shida, sentensi ipi ilimfungua mtu na ipi ilimnyamazisha. Kuanzia hapo usikilizaji ukawa kitu cha kukaguliwa, sentensi kwa sentensi.

Mwaka 1957 Rogers akaandika masharti aliyoona kuwa yanatosha kumwezesha mtu kubadilika. Matatu yanamhusu msikilizaji moja kwa moja. Kwanza awe mkweli, asivae sura ya utaalamu huku moyoni ameudhika au amechoka. Pili amkubali mtu bila masharti, pamoja na ile sehemu yake ambayo jamaa zake hawataki kuisikia. Tatu aione dunia kwa macho ya yule anayemsikiliza, na yule atambue kwamba ameonwa. Wahenga wetu walikwisha kuonya kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mnasihi haikatai methali hiyo. Kazi yake ni kumsikiliza aliyelala akieleza wanauma wapi, saa ngapi, na amewahi kumwambia nani. Wala hajifanyi kwamba naye amelala hapo; akianza kulia ya kwake, kikao kimeshahama mikononi mwa mwenyewe.

Kwetu ufundi huu uliingia kwa mlango wa msiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera 1983. Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwahudumia waathirika, 1987. Dar es Salaam, Theresa Kaijage na wenzake wakaanzisha shirika kama hilo, WAMATA, 1989. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bure ulianza 2004. Katika miaka 15 kati ya 1989 na 2004, mshauri nasaha, kama mnasihi alivyoitwa huko, alikaa mbele ya mtu akiwa mikono mitupu, ikabidi ajifunze kilichobaki pale dawa inapokosekana: kukaa, kusikia, kutokimbia. Dawa zilipokuja zikaokoa roho nyingi, na ushauri nasaha ukafupishwa, ukawa dakika chache kabla ya kipimo na dakika chache baada yake. Mpaka leo wapo watu wazima wengi wanaodhani kwamba mshauri nasaha ni wa waliokwenda kupima tu.

Upande wa pili lipo jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoanza Dodoma 1927, ambayo Watanzania wamelifanya jina lake kuwa tusi. Ukimwambia mtu wa Dodoma aende kuongea na mtaalamu, atakuuliza kama umemwona ameanza kuokota makopo. Hapo kati, baina ya kipimo cha virusi na geti la Mirembe, ndipo wanapokaa watu wazima wengi wenye shida: waliofiwa, walioachwa, wanaouguza, wenye madeni, wanaokaribia kustaafu na hawalali. Wanahitaji mahali pa kwenda wakiwa na akili zao timamu na mzigo wao mzito.

Sasa tuutazame ufundi wenyewe ukiwa kazini, tuanze na chumba. Zahanati na ofisi zetu nyingi zimegawanywa kwa mbao zisizofika darini, na sauti ya chumba hiki inasikika chumba kile. Mnasihi anayejua kazi yake hushughulikia hilo kabla mtu hajafika. Huomba chumba cha mwisho, au huhamisha benchi la wanaosubiri likae mbali na mlango. Meza huisogeza ukutani, kwa sababu mtu aliyekaa nyuma ya meza ni bosi, na mbele ya bosi watu hujieleza, hawajimwagi. Viti huviweka mshazari kidogo, mwenye shida aweze kumtazama akitaka, na akitaka atazame dirishani bila kuonekana ana kiburi. Saa huitundika upande ambao yeye mnasihi anaiona bila kugeuza shingo. Ukitazama saa ya mkononi mara moja tu, mtu mzima ataomba radhi kwa kukuchosha na kuaga.

Kisha huja maneno ya mwanzo: tutakaa muda gani, utakayoyasema yanabaki hapa, na ni mambo gani machache hayawezi kubaki hapa, kama vile hatari kwa uhai wako au wa mtoto. Anayasema mapema na wazi, ili siri isije ikageuka mtego.

Sasa tutunge mfano, wenye vipande ambavyo yeyote aliyekaa Dodoma miaka hii atavitambua. Mtumishi wa umma wa miaka 58, amebakiwa na miwili kufika 60 ya kustaafu kwa lazima, ametumwa na daktari kwa sababu presha haishuki na usingizi hauji. Mnasihi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti yangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu ukae."

Mzee anaongea kwanza juu ya presha, kisha juu ya kikokotoo cha mafao, kisha juu ya vumbi la Ihumwa. Katikati ya hayo, kwa sauti ileile, anasema: "Nyumbani hakuna shida. Nikipiga simu wanauliza kama nimetuma."

Hapa ndipo fundi anapojulikana. Mshauri wa kawaida angesema: "Baba, jitahidi uende kila mwisho wa mwezi, treni siku hizi ni saa chache tu." Ushauri ni mzuri, na mazungumzo yameishia hapo, mzee atasema kweli binti, atarudi kwenye vumbi. Mfariji angesema: "Pole baba, watoto wa siku hizi ndivyo walivyo." Amemwonea huruma, lakini pia amewahukumu watoto wake, na dakika ijayo mzee atalazimika kuwatetea. Mdadisi angeuliza anatuma kiasi gani, kikao kikawa hesabu.

Mnasihi anasema taratibu, bila kuliweka kama swali: "Unapiga simu, na kinachoulizwa ni kama umetuma."

Itazame sentensi hiyo. Hakuongeza hata neno moja lisilokuwa la mzee. Alichofanya ni kuchagua. Aliliacha "hakuna shida" lipite, akaichukua nusu ya pili, akaanza na "unapiga", kwa maana mzee ndiye anayepiga. Hakusema kwamba mke ana tamaa, hakusema kwamba mzee ana upweke. Upweke ukitajwa na mwingine kabla mwenyewe hajaufikia, mtu mzima huukana, hasa mwanaume aliyelelewa kujikaza. Kisha ananyamaza.

Mzee anaizungusha kofia yake juu ya goti. Inazunguka mara mbili, tatu. Halafu: "Mimi mwenyewe hakuna anayeniuliza."

"Hakuna anayekuuliza wewe."

"Nimekuwa kama ile meseji ya muamala. Ikiingia wanafurahi. Wakishaisoma wanafuta."

Kwa mwandishi, sentensi kama hiyo ni zawadi, na angetaka kuisifia au kuifafanua. Mnasihi hafanyi hivyo. Anasema tu, "Ikishasomwa, inafutwa," na kumwachia mzee atembee ndani ya picha aliyoichora mwenyewe. Pengine vikao viwili mbele, mzee huyuhuyu atagundua kwamba naye, akipiga simu, neno lake la kwanza huwa ni "nimetuma". Atagundua kwamba yeye ndiye aliyewafundisha lugha hiyo, tangu watoto wakiwa wadogo, kwa sababu hakuwa na nyingine. Angeambiwa hayo siku ya kwanza, angesikia lawama. Akiyafikia mwenyewe, siku inayofuata anaweza kupiga simu na kuanza na neno jingine.

Nauhusudu hasa ukimya wao. Mazungumzo yetu hayapendi mwanya. Ukitokea tunauziba kwa "ndiyo hivyo", "tutafanyaje", "Mungu yupo". Maneno hayo ni ya heshima, lakini mara nyingi ndiyo tunayomfungia mtu mlango. Mnasihi anajua kuubeba ukimya bila kuutolea jasho. Anautofautisha ukimya wa mtu anayetafuta neno na ukimya wa mtu aliyejificha. Wa kwanza anauacha, wa pili anausogelea kwa upole. Mzee akisema "tumwachie Mungu", mnasihi hamhubirii wala hampingi. Anasikiliza kama hiyo ni imani inayosema au ni uchovu, kwa sababu mtu yuleyule anaweza kulisema neno hilo asubuhi kwa imani na jioni kwa uchovu.

Kuna wanaodai kwamba ufundi huu haufai kwetu, kwamba kijana hawezi kumkalisha mzee akamchambua. Ukiutazama kwa karibu, adabu yetu inausaidia. Mdogo mbele ya mkubwa tayari anatarajiwa kunyamaza, kuinamisha sauti, kutokatiza. Yule binti alipotoa shikamoo hakupoteza mamlaka yoyote aliyokuwa akiyahitaji. Alijiweka mahali ambapo kusikiliza ndiyo heshima yenyewe. Mgumu ni mkubwa kumsikiliza mdogo, na hapo ndipo mnasihi mwenye mvi hulazimika kujizuia mara mbili. Na kwa mzawa wa hapa, ambaye uchungu wake wa ndani umelala katika Kigogo, mnasihi mzuri humwacha aseme Kigogo pale Kiswahili kinapomkatikia, hata kama yeye mwenyewe anakielewa nusu. Maana ataiuliza baadaye. Chozi halisubiri tafsiri.

Lawama nyingine ina ukweli zaidi: watu wetu huja kutafuta jibu. "Sasa binti, unanishauri nini?" Mnasihi mchanga, aliyekariri kanuni, humrudishia: "Wewe unaonaje?" Mzee huona amechezewa, na ana haki. Aliyekomaa huanza kwa kuliheshimu ombi lenyewe: "Umelibeba hili mpaka umechoka, ungependa mtu mwingine aseme fanya hivi." Mara nyingi mtu hushusha pumzi hapo, kwa kuwa alichokuwa akiomba ni kupumzishwa. Halafu mnasihi hutenganisha taarifa na uamuzi. Taarifa anaitoa waziwazi bila kuzungusha maneno. Kwa mfano, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri la talaka lipite kwanza, isipokuwa kwa sababu maalumu, kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kufika mahakamani. Mwanamke anayewaza kuachana anapaswa kulijua hilo leo, si kesho. Ila aachane au asiachane, hapo mnasihi anaondoa mkono. Baraza limewekwa na sheria lipatanishe, kwa hiyo nalo lina upande: linatafuta ndoa ipone. Mnasihi haipiganii ndoa wala talaka. Anampigania yule aliyeketi mbele yake aweze kuisikia akili yake mwenyewe.

Kujifunza haya huchukua muda kuliko watu wanavyodhani. Zoezi la kawaida huwakalisha wanafunzi watatu watatu: mmoja aseme jambo la kweli linalomsumbua, mmoja asikilize, wa tatu atazame na kuandika kila kosa la msikilizaji. Kisha wanabadilishana. Kinachowatoa jasho wanafunzi ni wema wao wenyewe. Mtu mwema ana haraka ya kuondoa maumivu, na haraka hiyo humwondolea mwenzake nafasi ya kuyaeleza. Walimu na wauguzi hupata shida zaidi, kwa maana wamelipwa miaka yote kwa kujua jibu. Na hata baada ya kuhitimu, mnasihi makini ana mtu wake mwenye uzoefu anayempelekea kazi yake ikaguliwe, aulizwe ni wapi alianza kuwa na hisa: wapi alimchukia mume wa mteja, wapi alitamani mteja fulani afanikiwe ili yeye ajisikie mahiri. Kutokuwa na hisa si hali ambayo mtu anazaliwa nayo. Hufanyiwa kazi kila wiki.

Ufundi huu una mipaka yake. Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, au aliyekwisha kupanga namna ya kujitoa uhai, anahitaji hospitali leo hii, na mnasihi mwaminifu humsindikiza huko. Mirembe ipo kwa ajili hiyo na hakuna aibu ndani yake. Njaa haiponi kwa kusikilizwa, na riba ya kausha damu haipungui kwa machozi. Utafiti nao haukuupa ushindi mtupu. Mwaka 2021 timu ya Michael Barkham wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, ilichapisha matokeo ya watu 510 wenye sonona, waliogawanywa kati ya unasihi unaofuata misingi ya Rogers na tiba ya kubadili fikra na tabia. Baada ya miezi 6 unasihi ulikuwa haujapitwa. Baada ya miezi 12 tiba ile nyingine ilikuwa mbele. Huko Harare, Dixon Chibanda alianza 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani wawasikilize watu kwenye mabenchi ya nje ya kliniki, wakiongeza hatua ya kuchagua tatizo moja na kulitatua. Jaribio lao la watu 573, lililochapishwa 2016, lilionyesha kwamba walioketi na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, na mabenchi hayo yakafika mpaka Zanzibar. Kwa hiyo kusikiliza peke yake kuna mahali kunapofika na mahali kunapohitaji msaada. Lakini angalia kwamba hata bibi wa Harare huanza kwa kusikiliza. Tatizo la kutatua hupatikana baada ya mtu kusikika, na mara nyingi silo lile alilokuja nalo.

Wewe msomaji wa Ihumwa, Mtumba au popote nchini, kama jambo limekukalia kifuani na washauri wako wote wana fungu humo, mtafute mnasihi. Pa kuanzia papo: kituo cha afya kilicho karibu, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au, kwa aliye Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa na Mirembe yenyewe. Ukifika, usione haya kuuliza: umesomea wapi kazi hii, siri yangu inaishia wapi, ni kiasi gani, na kuna mtu anayekukagua? Fundi wa kweli haudhiki na maswali hayo. Ukitoka kikao cha kwanza ukiwa umehubiriwa, umehukumiwa au umesimuliwa shida za mnasihi mwenyewe, tafuta mwingine; unaruhusiwa.

Na kwa waajiri waliowaleta watu Dodoma: mmejenga ofisi, barabara na maegesho. Wekeni na chumba cha mnasihi, chenye kuta zinazofika darini. Ila asiwe ofisa wa utumishi aliyepewa kofia ya pili, wala asiandike ripoti kwa mkuu wa idara. Siku anapoanza kuripoti kwa bosi, ameshapata hisa, na watumishi watarudi kuwaambia shida zao madereva wa bodaboda.